Mradi umefungwa na ofisi imebaki: je, tumlipe mwandishi wa andiko, au tujenge shirika kwanza?

Swali: Mimi ni katibu wa shirika dogo lisilo la kiserikali mkoani Lindi, lililosajiliwa mwaka 2016. Tunahudumia wagonjwa majumbani, tunaibua wahisiwa wa kifua kikuu na kuwafuatilia waliokatisha dawa za kufubaza VVU katika kata nne. Kwa miaka minne tulikuwa tukipokea fedha kupitia mbia mkuu wa mradi uliofadhiliwa na Marekani, na mradi huo ulisimama mapema mwaka 2025. Tumebaki watumishi watatu na wahudumu wa kujitolea 38. Sasa amejitokeza mtaalamu anayetaka kutuandikia maandiko ya miradi, yaani maombi ya ruzuku, kwa makubaliano ya kulipwa asilimia 10 ya ruzuku itakayopatikana. Wakati huohuo tumealikwa kwenye mfululizo wa semina za kujengewa uwezo. Mwenyekiti wetu anasema tukubali vyote viwili. Mimi nina mashaka. Tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu Katibu,

Nianze na lile lenye haraka, kwa kuwa huenda karatasi za makubaliano ziko mezani tayari: msisaini makubaliano ya asilimia 10. Mikataba mingi ya ruzuku hairuhusu fedha za mradi kulipia gharama zilizotokea kabla ya mkataba kuanza, na kazi ya kuandika andiko kwa kawaida yake hufanyika kabla. Kwa hiyo ruzuku ya shilingi milioni 100 ikiingia, mtakuwa mnadaiwa milioni 10 ambazo hazina mstari wowote katika bajeti mliyosaini. Mtazilipa kwa fedha zenu wenyewe, ambazo kwa maelezo yako hamna, au mtatengeneza stakabadhi za semina isiyofanyika na orodha ya mahudhurio ya watu wasiofika. Njia hii ya pili ndiyo iliyoyamaliza mashirika kadhaa yaliyoanzishwa na watu wema kabisa, kwa sababu deni la siri huzaa hati ya uongo, na hati moja ya uongo ikigunduliwa katika ukaguzi, mfadhili hudai kurejeshewa na huwaonya wenzake. Vyama vya kitaaluma vya waandishi wa maandiko ya ruzuku huko Marekani, ambako kazi hii ni taaluma ya muda mrefu, vinawakataza wanachama wao kulipwa kwa asilimia ya fedha zinazopatikana. Mwandishi anayeijua kazi yake atakubali kulipwa kwa siku au kwa andiko, ruzuku ipatikane au isipatikane. Ikiwa hamwezi kumlipa hivyo, mpeni kazi ndogo zaidi: andikeni wenyewe, kisha mlipeni siku mbili alisome andiko lenu na kulikosoa bila huruma.

Andiko lililoandikwa na mgeni lina shida nyingine pia. Afisa wa mfadhili akija Lindi kwa tathmini ya awali hatamuuliza mwandishi; atamuuliza mratibu wenu kwa nini mmekadiria wagonjwa 240 na si 150, na atamwomba mhasibu amwonyeshe namna gharama ya usafiri ilivyopatikana. Nikisoma maandiko yaliyotumwa kuombewa fedha, huwa naona upesi yale ambayo wenye shirika hawajayasoma hadi mwisho.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya; mikataba mingi haikufufuliwa tena, na kufikia tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID lilikuwa limekoma kusimamia misaada hiyo, kazi zilizobaki zikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Mashirika yaliyokuwa yakitumia kwanza na kurejeshewa baadaye yalijikuta na madeni ya miezi iliyopita ambayo hayakujua yatalipwa lini. Hamkuyasababisha hayo na hamkuwa na njia ya kuyazuia. Lakini kuna jambo moja ambalo lilikuwa ndani ya uwezo wenu na wa mbia wenu mkuu, na naomba mlijadili kwa utulivu katika kikao cha bodi: mradi ulipofungwa, nini kilibaki ofisini? Kama mhasibu alikuwa akifuata tu jedwali alilotumiwa kutoka Dar es Salaam, fomu za wagonjwa zilikuwa za mradi, vishikwambi vimerudishwa pamoja na taarifa zake, na mwongozo wa fedha mliokuwa mkiutumia una nembo ya shirika jingine, basi mlifanya kazi nzuri kwa miaka minne bila shirika lenu kukua. Uwezo wa shirika naupima kwa kile kinachoendelea kufanya kazi baada ya fedha ya mradi kukoma, na kwa kipimo hicho mashirika mengi ya afya ya jamii nchini yalipewa shughuli nyingi na uwezo mdogo.

Mwaka 2021 USAID wenyewe walitangaza kwamba robo ya fedha zao ingekwenda moja kwa moja kwa mashirika ya ndani ya nchi husika ifikapo mwaka 2025, na lengo hilo halikufikiwa. Sababu ni nyingi, na baadhi yake ni za mfadhili, mwenye masharti yaliyotungwa kwa kampuni kubwa. Hata hivyo iko moja iliyo mikononi mwetu, nayo ni hesabu.

Nitakaa hapo kwa kitambo, kwa kuwa ndipo shirika la ukubwa wenu linapopata ruzuku au kuikosa. Mnao watumishi watatu, na wengi huamini kwamba kwa watu watatu haiwezekani kutenganisha majukumu ya fedha. Inawezekana. Anayeomba fedha ni mratibu. Anayeandaa hati ya malipo na kuandika daftari ni mhasibu. Anayeidhinisha ni mkurugenzi. Na wa pili wa kutia saini benki atoke kwenye bodi, awe mweka hazina asiye ndugu wa mkurugenzi. Mwisho wa mwezi, usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha daftari lenu na taarifa ya benki, uandaliwe na mhasibu, kisha usomwe na kusainiwa na mweka hazina huyo, akiwa na taarifa ya benki yenyewe mbele yake. Masurufu yanayotolewa kwa safari ya kata yarejeshwe kwa hati ndani ya muda mtakaouandika kwenye mwongozo wenu, tuseme siku saba, na asiyerejesha asipewe mengine, hata akiwa mwenyekiti. Kila hati ya malipo iwe na ombi, idhini, stakabadhi ya mashine ya EFD (ile ya kielektroniki ya kodi) pale muuzaji anapopaswa kuitoa, na maelezo ya sentensi mbili kuonyesha gharama hiyo ni ya shughuli gani ya mradi gani. Haya yote yanafanyika kwa daftari, jedwali la kompyuta na kabati linalofungwa. Hayahitaji programu ya gharama kubwa, na ningependa msinunue programu hiyo mpaka mmefunga hesabu za miezi sita mfululizo kwa mkono bila pengo.

Pamoja na hesabu ziko hati za kisheria. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 inawataka muwasilishe kwa Msajili taarifa ya kazi na ya fedha kila mwaka na kulipa ada. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka ukomo wa miaka 10 kwa cheti cha usajili, na kwa kuwa nyinyi mlisajiliwa mwaka 2016, tafadhali kitoeni cheti kabatini leo, msome tarehe yake na muulize ofisi ya Msajili au Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya kuhusu kuhuisha, kabla hamjajaza fomu yoyote ya mfadhili. Kanuni za mwaka 2018 nazo zinataka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe hadharani, na mkataba wake uwasilishwe Hazina na kwa Msajili. Mfadhili makini atauliza kama mnalijua hilo. Kwa upande wa kodi, yapo mazoea ya kuamini kwamba usajili wa NGO peke yake unaondoa kodi ya mapato. Sivyo: chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 shirika hupaswa kuiomba Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitambue rasmi kuwa shirika la hisani, na hata likitambuliwa, bado linakata na kuwasilisha kodi za watumishi wake, na kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango la ofisi na asilimia 5 kwenye malipo ya mshauri mkazi. Mkaguzi wa hesabu awe amesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Rafiki wa mwenyekiti mwenye muhuri hatoshi.

Nimeyataja haya kabla ya kutaja mfadhili hata mmoja, na nimefanya hivyo makusudi.

Kuhusu semina, sizikatai, ila nataka mzichague. Semina ya siku tatu hotelini, yenye mada 11 kuanzia utawala bora hadi mitandao ya kijamii, humwacha mshiriki na cheti na makabrasha, na wiki inayofuata anarudi kwenye ofisi ileile yenye taratibu zilezile. Kinachobadilisha shirika ni mtu mwenye ujuzi kukaa na mhasibu wenu wakati wa kufunga mwezi, mara tatu au nne, kwenye hati zenu halisi, kisha kumwacha afunge mwezi wa tano peke yake huku yeye akiangalia. Mnaweza kumpata mtu huyo kwa gharama ndogo: mhasibu wa halmashauri aliyestaafu, au mhasibu wa hospitali ya misheni iliyo jirani, kwa kuwa hospitali hizo zimeshughulika na ruzuku za nje kwa miongo mingi. Kabla ya kumwita, jifanyieni tathmini. Kaeni siku moja, bodi na watumishi pamoja, mpitie maeneo ya uongozi, fedha, watumishi, manunuzi, takwimu na mahusiano na serikali, na kwa kila eneo muandike mnacho nini cha kuonyesha kwa karatasi. Maneno kama "tunao utaratibu" yasikubaliwe bila hati. Kisha chagueni mapungufu mawili tu ya kushughulikia kwa mwaka mmoja. Mashirika hushindwa kwa kuandika mpango wa kurekebisha mambo 27 kwa miezi sita, na mwisho hakuna lililorekebishwa.

Ikiwa mwaliko mlioupata unahusu moja ya mapungufu hayo mawili, aende mtu anayeifanya kazi hiyo. Kwenye semina ya fedha aende mhasibu, kwa kuwa mwenyekiti hashiki daftari, na akirudi awasilishe kwa maandishi kitu kimoja kitakachobadilika ofisini mwezi huohuo. Ninajua posho ya semina ni msaada kwa watumishi ambao hawajalipwa mshahara miezi kadhaa, na silidharau hilo hata kidogo. Lakini siku ambazo mhasibu hayuko ofisini nazo zina gharama.

Inafuata bajeti, na hapa natamani mashirika madogo yawe na ujasiri zaidi. Kwa miaka mingi mmezoeshwa kuona gharama za uendeshaji kama aibu, mkiambiwa fedha yote iende kwa walengwa. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeko kijijini hafuatiliwi na fedha. Anafuatiliwa na mhudumu mwenye msimamizi, mwenye ofisi, mwenye mtu wa kumlipa kwa wakati na kuhifadhi taarifa zake. Gharama hizo ni sehemu ya huduma, na anayekataa kuzilipa anaomba huduma hiyo igharimiwe na mtu mwingine, mara nyingi na watumishi wenu kwa mishahara isiyolipwa. Serikali ya Marekani yenyewe, katika kanuni zake za ruzuku, ilipandisha kiwango cha gharama zisizo za moja kwa moja kinachoweza kudaiwa na shirika lisilo na kiwango chake kilichokubaliwa na serikali hiyo, kutoka asilimia 10 hadi 15, kuanzia Oktoba 2024. Taasisi binafsi zina viwango vyao, na swali la kwanza la kumwuliza afisa wa mfadhili ni hilo.

Chukueni mfano. Tuseme gharama za moja kwa moja za mradi wa mwaka mmoja ni shilingi 52,000,000. Kwa asilimia 15 mnaongeza 7,800,000 na kuomba 59,800,000. Hiyo milioni saba na ushee ndiyo italipa pango, umeme, ukaguzi wa hesabu, vikao vya bodi na sehemu ya mshahara wa mkurugenzi. Angalizo: pango likishawekwa kwenye gharama za moja kwa moja lisirudiwe kwenye asilimia, kwa kuwa kudai kitu kimoja mara mbili ni kosa la ukaguzi hata kama halikukusudiwa. Mhasibu anayefanya nusu ya kazi yake kwenye mradi huu awekwe waziwazi kwa nusu ya gharama yake, na ajaze jedwali la muda wa kazi kuthibitisha. Tena hesabuni gharama yote ya mtumishi. Mshahara wa 800,000 kwa mwezi unaongezewa mchango wa mwajiri wa NSSF wa asilimia 10 na wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa asilimia 0.5, kwa hiyo unaigharimu ofisi 884,000. Kwa mwaka tofauti ni shilingi 1,008,000 kwa mtu mmoja, na nimeona bajeti nyingi zikianza mwaka zikiwa tayari na upungufu kwa sababu ya tofauti hii peke yake.

Ndani ya bajeti hiyohiyo ombeni fedha ya kujijenga. Andikeni mstari wa kulipia mtu wa kukaa na mhasibu, mstari wa kuandika mwongozo wa fedha na mstari wa ukaguzi wa hesabu, na katika maelezo semeni kwa uwazi kwamba tathmini yenu wenyewe imeonyesha mapungufu haya mawili na kwamba mwisho wa mwaka mtaonyesha yamerekebishwa vipi. Wapo viongozi wanaoogopa kwamba kukiri pungufu kutawanyima fedha. Ukweli ni kwamba msomaji wa maombi huamini zaidi shirika linalojua udhaifu wake, kwa kuwa tathmini ya awali itaufichua tu.

Kuhusu mahali fedha zilipo, nitataja pale nilipo na uhakika napo. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutoa ruzuku kwa asasi za Tanzania pamoja na mafunzo, na fomu zake zimewalea wengi. Fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria huingia nchini kwa njia ya serikali na njia ya asasi za kiraia; kwa njia hii ya pili zimekuwa zikipitia Amref Health Africa Tanzania, inayogawa kwa mashirika mengine, na kazi yenu ya kifua kikuu na VVU ndiyo hasa inayolengwa huko. Mfuko wa Canada kwa Miradi ya Wenyeji, unaosimamiwa na ubalozi, hutoa ruzuku ndogo za muda mfupi. Ubalozi wa Japani una mpango wa misaada ya ngazi ya chini ambao hujenga na kununua vifaa lakini haulipi mishahara, kwa hiyo mkiuomba uwe ni kwa jengo la zahanati pamoja na halmashauri, si kwa uendeshaji wa ofisi yenu. Stephen Lewis Foundation ya Canada, iliyoanza mwaka 2003, imefadhili vikundi vya jamii vinavyohudumia watu wanaoishi na VVU Afrika, Tanzania ikiwamo. Segal Family Foundation ya Marekani nayo hufadhili mashirika ya Afrika Mashariki, mara nyingi kwa fedha zisizofungwa kwenye shughuli moja. Hizi za mwisho ndizo adimu na ndizo zenye thamani kubwa zaidi kwa shirika linalojijenga, nazo hutolewa kwa wanaojulikana, maana yake anzeni mahusiano mwaka mzima kabla hamjaomba.

Msiache kuomba kidogo. Shirika ambalo limesimamia shilingi milioni 15 kwa mwaka na kuzitolea hesabu iliyokaguliwa lina hoja nzuri ya kuomba milioni 40. Lililowahi kupitisha milioni 300 za mbia mkuu bila hesabu zake lenyewe halina hoja hiyo, ingawa kiasi ni kikubwa zaidi.

Yupo mdau mmoja ambaye swali lako halikumtaja, naye ni halmashauri. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima katika kipindi cha miaka mitano. Andiko lolote mtakaloliandika sasa likipendekeza kada nyingine ya wahudumu inayokwenda sambamba na hiyo litakataliwa, na kwa haki. Nendeni kwa Mganga Mkuu wa Wilaya mkiwa na majina ya wahudumu wenu 38 na kata zao, mwulize ni wangapi wamo au wanaweza kuingia katika utaratibu huo, na muulize timu yake ya afya inakwama wapi. Yamkini atawaambia kwamba wahudumu wapo au watakuwepo, lakini usimamizi wa karibu, usafiri wa sampuli za makohozi na ufuatiliaji wa waliokatisha dawa havina fedha ya kutosha. Hapo ndipo nafasi yenu ilipo: kusimamia, kulea na kuunganisha, badala ya kuajiri sambamba. Ombeni pia shughuli yenu ionekane katika mpango kabambe wa afya wa halmashauri, hata kama haina fedha ya serikali. Mwaka wa fedha huanza Julai, kwa hiyo mazungumzo haya yafanyike mipango inapoandaliwa, miezi mingi kabla. Barua ya Mganga Mkuu inayosema ni pengo gani mnaliziba ina uzito kuliko kurasa tano za historia ya shirika.

Ndipo muandike. Maandiko mengi ya VVU hufungua kwa takwimu ya taifa, kwa mfano kwamba utafiti wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Takwimu hiyo mfadhili anayo. Asichokuwa nacho ni mlolongo wa kata zenu nne: kati ya wahisiwa wa kifua kikuu mliowaandikia rufaa, wangapi walifika zahanati, wangapi walipimwa, wangapi walikutwa na ugonjwa, wangapi walianza dawa, na wangapi walimaliza miezi sita ya tiba. Nambari hizi zimo katika nakala zenu za fomu za rufaa na katika rejista za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) vituoni, ambazo mganga mfawidhi anaweza kuwaruhusu kulinganisha nazo. Mkikuta kwamba theluthi ya wahisiwa hupotea kati ya nyumbani na zahanati, hilo ndilo tatizo, na shughuli zote za mradi zizaliwe hapo: nauli, siku ya kupima, mhudumu wa kuwasindikiza. Kiashiria cha "idadi ya kaya zilizotembelewa", ambacho mlikijaza kwa miaka minne, hakimwambii mtu yeyote kama mgonjwa alipona. Kiacheni kibaki kwa matumizi ya ndani.

Jihadharini pia na kubadilisha kazi kwa kufuata tangazo. Litatoka tangazo la malaria, au la lishe, au la mabadiliko ya tabianchi na afya, na mwenyekiti atasema nasi tunaweza. Ikiwa hamna mtumishi, takwimu wala ruhusa ya halmashauri kwa kazi hiyo, liacheni lipite.

Mkipata mkataba, usomeni kabla ya kuufurahia. Angalieni kama fedha hutangulia au hurejeshwa baada ya kutumia, kwa kuwa shirika lisilo na akiba haliwezi kubeba mkataba wa kurejeshewa hata mwezi mmoja. Angalieni notisi ya kusitisha ni siku ngapi, na nani hulipa mishahara ya siku hizo. Kama mfadhili si wa moja kwa moja bali ni mbia mkuu, mwulizeni asilimia ya uendeshaji anayopokea yeye ni ngapi na nyinyi mtapata ngapi. Ni swali halali, na jibu lake litawaonyesha anawaona kama wabia au kama vibarua. Akiba yenyewe haiwezi kutoka kwenye ruzuku, kwa kuwa salio hurudi kwa mfadhili isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Itoke kwenye ada za wanachama, michango ya wenyeji na malipo ya kazi mnazozifanyia taasisi nyingine, na mwanzoni hata gharama za ofisi za miezi miwili zinatosha kuwa lengo.

Yamebaki mambo mawili ya kufanya wiki hii. La kwanza ni taarifa za wagonjwa. Miaka minne ya ufuatiliaji imeacha madaftari yenye majina ya watu wanaoishi na VVU, namba zao za simu na vijiji vyao, na huenda nakala ziko kwenye simu za wahudumu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume na kuzihifadhi kwa usalama. Zikusanyeni, zifungieni, amueni pamoja na kliniki ya tiba na matunzo zipi zikabidhiwe huko na zipi ziteketezwe kwa kumbukumbu ya maandishi. La pili ni mali za mradi uliofungwa, yaani pikipiki, kompyuta na samani mlizoachiwa. Mwandikieni mbia mkuu mkiomba barua ya ukabidhi inayotaja kila kifaa kwa namba yake, kabla watumishi wake wa mwisho wenye mamlaka ya kusaini hawajaondoka. Bila barua hiyo pikipiki hizo haziwezi kuingia kwenye rejista yenu ya mali, mkaguzi ataziandika kama hoja, na bima yake haitakuwa na mwenye mali anayejulikana.

Nikutakie kazi njema.